Kwanza, Umechangia Nini?

Pale Mirpur, jijini Dhaka, uchochoro wa mafundi cherehani unapotokea barabara ya shule, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali, na mbele ya benchi kuna kibanda cha Mjomba Hashem, mwenye chai ya maziwa ya kopo, nzito, tamu hadi midomo inagandana. Kila Ijumaa baada ya sala wanakaa hapo wazee wa kundi la simu la wapanda bustani juu ya mapaa, kundi la watu maelfu kwa maelfu, na kwa kuwa wao ndio waliolianzisha kundi, benchi hilo wanaliita makao makuu. Wapo watatu, kila mmoja na jina lake la utani. Kanuni, karani mstaafu wa reli, ndiye msimamizi wa kundi, na hakuna swali linalopita humo bila kidole chake. Samadi anauza vigae, na ukimwambia mti wako unaumwa, au mkeo, au redio yako, atakwambia weka mavi ya ng'ombe. Maabara anafundisha tuisheni ya kemia, na ganda lolote analoliona, la ndizi, la yai, la kitunguu, lazima alichemshe amwagie nyanya.

Ijumaa hiyo mazungumzo yalikuwa yamepamba moto. Mahfuza alishuka kwenye riksho mtandio ukiwa umemponyoka kichwani, akasimama pembeni ya benchi kama mtu aliyekuja kuomba kiberiti. Wao hawakumjua, ila yeye aliwajua wote, maana kila wiki Kanuni hupiga picha ya benchi na kuiweka kundini, na Mahfuza, tangu aolewe akaletwa kwenye nyumba ndefu ya ghorofa isiyo na ua wala kichaka, alikuwa akilisoma kundi kila mtoto akilala. Biringanya zake, nyanya zake, mlimau wake uliozaa ndani ya pipa la rangi, vyote alifundishwa na watu hawa. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kuwaandikia hata neno moja. Angewaandikia nini, yeye?

Kwenye ncha ya mtandio alikuwa amefunga jani. Hospitalini, mtaa wa pili tu, mwanawe Tuni alikuwa mapajani mwa mama mkwe, midomo imevimba kama kaumwa na nyuki, mate yanachuruzika, analia bila sauti, na kile kilio kisicho na sauti ndicho kilichomtoa Mahfuza mbio. Daktari alikuwa amesema asipewe chochote mdomoni, kisha akauliza jambo moja: mmea huu unaitwaje? Nenda kaniletee jina.

— Mimi nasema hivi, Kanuni alikuwa akisema, kundi letu si bomba la manispaa. Mtu anaingia leo, leo hiyo hiyo anauliza kwa nini majani yangu yana manjano. Unamjibu, unaacha wali wako unapoa. Kesho humwoni. Mwakani huyo karudi: sasa yana madoa. Salamu hakuna, ahsante hakuna.

— Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, akasema Samadi.

— Jembe la nini, watu wanapanda kwenye ndoo.

— Basi mpe kijiko.

— Samahani kaka zangu, alisema Mahfuza, nina swali la mmea, ni la haraka—

— Karibu dada, karibu. Mjomba, mpe dada chai. Kanuni aligeuka nusu. Upo kundini?

— Nipo.

— Umechangia nini?

Sheria aliijua. Imeandikwa juu kabisa kwa herufi nyekundu: hakuna kuuliza kabla hujatoa mara tatu, iwe tawi, iwe mbegu, iwe jibu. Alikuwa ameisoma mara nyingi, na kila mara aliona inamhusu yeye peke yake.

— Sijachangia bado, kaka, ila—

— Mnaona? Kanuni aliwageukia wenzake. Sikumwita. Mfano umekuja wenyewe, na umepanda riksho.

— Usimwonee dada wa watu, alisema Maabara. Ila kweli, dada, mkono mtupu haulambwi, sembuse wenye udongo.

— Mimi niwaambie siri, Samadi alisogea mbele. Hawa wanaokaa kimya kundini si wapanda bustani. Ni wenye vitalu vya biashara. Wanatusoma, wanaiba maarifa yetu, kesho wanatuuzia mche wetu wenyewe kwenye gunia.

— Umejuaje?

— Nilinunua mche wa mpera kule Savar, muuzaji akaniambia nimwagilie asubuhi. Asubuhi! Hayo maneno ni yangu. Niliyaandika mimi.

— Samadi, watu wanamwagilia asubuhi tangu dunia iumbwe.

— Lakini hawakuandika.

Mjomba Hashem aliweka gilasi mkononi mwa Mahfuza, na Mahfuza akaishika, ikamuunguza, akaendelea kuishika. Alijiambia waache wamalize sentensi moja, moja tu, ndipo niingie, ni watu wazima, huwezi kumkatiza mtu mzima kama unamkata kuku. Lakini sentensi za watu hawa zilikuwa hazina mwisho. Ikiisha ya huyu, ya yule ilikuwa imeshaanza zamani.

— Tatizo si wizi, alisema Maabara. Tatizo ni kisayansi. Ushauri wa bure haushiki mizizi. Mimi nimepima. Niliwapa majirani wawili maji yale yale ya maganda ya ndizi. Mmoja alinipa vitunguu, mwingine hakunipa kitu. Maua ya nani yalikufa?

— Ya yule wa bure.

— Umeona.

— Si yule aliyehamia Khulna akayaacha bila maji?

— Kwa nini alihama? Jiulize kwanza kwa nini alihama.

— Mimi kuna siku niliwaza zaidi ya hapo, alisema Kanuni, akashusha sauti kana kwamba polisi wako mlangoni. Hawa kimya wote, maelfu hawa wasio na picha wala salamu, huenda ni mtu mmoja. Mtu mmoja mwenye simu nyingi. Yuko mahali, ana paa kubwa, anapanda kila tunachosema.

— Anapanda nini?

— Msitu, ndugu yangu. Haba na haba hujaza kibaba. Siku moja tutaamka tukute msitu juu ya Dhaka, na hatuna haki hata ya kivuli.

— Kaka zangu, Mahfuza alisema.

— Mwenye pupa hadiriki kula tamu, dada. Tunafika kwako. Ulisema mmea wako una manjano?

Hapo gilasi ilimponyoka. Haikuvunjika, iliviringika tu chini ya benchi, chai ikamwagika kwenye viatu vya Kanuni, na Mahfuza alisikia sauti yake inatoka kubwa kuliko alivyozoea kuisikia.

— Mwanangu amelitafuna! Nilikuwa naanua nguo, nimegeuka tu, kaka, nimegeuka tu kushika shuka lisipeperuke, nageuka tena naye analo mdomoni anatafuna kama tambuu, nikalitoa kwa kidole, hatukufika hata ngazi za chini midomo ikaanza kuvimba, sasa yuko hospitali na bibi yake na daktari anataka jina, jina tu, sikuja kuomba mbolea, sikuja kuomba kitu kingine, niambieni hili linaitwaje nimpelekee.

Akafungua ncha ya mtandio na kuliweka jani juu ya benchi. Lilikuwa pana, la kijani kilichoiva, na mabaka meupe kama maziwa yaliyomwagika, na pembeni alama ndogo za meno.

Wote watatu walisimama kwa pamoja, na kwa kweli hawakuwa watu wabaya. Samadi alimsukumia nafasi ya kukaa. Maabara alivaa miwani.

— Ah, alisema Kanuni, uso ukamfunguka. Hili tunalijua. Hili ni Malkia.

— Malkia gani, kaka?

— Malkia wa Mirpur. Nani asiyelijua? Kila paa lina Malkia.

— Hilo jina nimelisoma kundini. Nilimtajia daktari, akaniuliza kama namtania. Anataka jina lake lenyewe, la vitabuni.

— La vitabuni, Kanuni alikubali kwa kichwa. Ndiyo. La vitabuni. Wewe tawi ulilipata kwa nani?

— Kwa dada wa ghorofa ya tatu. Yeye alisema alipewa na wewe, hapa hapa benchini.

— Kweli, nimewapa wengi. Huo ulikuwa mchango wangu wa kwanza kabisa. Mimi nilipewa na Samadi, na jina nililikuta. Samadi, linaitwaje?

— Mimi? Samadi alijipapasa mfukoni kana kwamba jina lingekuwa humo. Mimi nilipewa na Maabara. Ndilo tawi nililochangia mwaka ule wa mafuriko. Mwalimu, sema.

— Ngoja, ngoja. Mimi nilipewa na Kanuni.

— Kanuni amepewa na mimi.

— Na wewe umepewa na mimi, sawa, lakini mimi nilipewa naye. Mbele ya Mjomba Hashem. Kwenye kopo la maziwa.

— Lile kopo nilikurudishia, alisema Kanuni. Lilikuwa na Malkia wako.

— Malkia wako wewe.

Wakatazamana. Mahfuza aliwatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na kitu kilimpanda kifuani ambacho hakikuwa hofu tena. Watu hawa walikuwa wamezungushana tawi moja kama sahani ya kashata kwenye harusi, kila mmoja akiandikiwa amechangia, akipigiwa makofi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ni kitu gani wanachopeana.

— Lakini ni ukoo wa magimbi, alisema Samadi upesi. Linawasha kama gimbi bichi. Mpe ukwaju, dada. Bibi yangu—

— Daktari amesema asipewe kitu.

— Tone tu.

— Asipewe kitu.

— Tunaweza kulichemsha, alisema Maabara. Maji yakitoka mekundu tutajua ni la ukoo mwingine. Mjomba, una sufuria safi?

— Sufuria yangu ya chai haichemshi sumu, alisema Mjomba Hashem.

— Kundini wapo watu maelfu, Samadi alisema. Hawezi kukosekana mmoja anayejua. Dada, kwa nini hukuandika huko?

— Nimeandika. Nimeandika nikiwa kwenye korido ya hospitali, na picha nimeweka. Inasema inasubiri idhini.

— Idhini ya nani?

Jibu lilikuwa limesimama pale, viatu vinachuruzika chai. Kanuni alitoa simu yake polepole. Alieleza, huku akibonyeza, kwamba maswali ya wasiochangia huenda mahali pao, mahali pa peke yake, na kusema kweli huwa hapafungui, angefungua saa ngapi, mtu mmoja, macho yenyewe haya. Akapafungua. Swali la Mahfuza lilikuwa la juu kabisa. Akaliruhusu.

Wakainamia simu wote wanne, vichwa vikigusana, na Mahfuza akasahau kwamba ni wanaume wageni na kwamba mtandio wake uko mabegani. Jibu la kwanza halikuchelewa.

Kanuni alilisoma kwa sauti, kwa mazoea, kabla hajalielewa:

— Karibu kundini, dada. Kwanza, umechangia nini?

La pili lilisema hivyo hivyo, na ua mwishoni. La tatu lilimwelekeza asome sheria, herufi nyekundu, juu kabisa. La nne liliuliza lile shuka la nyuma kwenye picha linauzwa wapi.

— Wajinga hawa, alisema Kanuni, akaanza kuandika kwa dole gumba. Mjibuni mama wa watu. Mtoto yuko hospitali. Mjibuni.

Chini yake wakamjibu: msimamizi, na wewe unavunja sheria?

Simu ya Mahfuza ilianza kuita. Ilikuwa mama mkwe. Alikaa chini kabla hajapokea. Mama mkwe hakuwa mtu wa salamu hata siku njema. Alisema uvimbe umeanza kushuka. Alisema mtoto amelia sasa hivi kwa sauti yake yote, amemvuta nesi miwani. Daktari anasema koo halikufunga, ila watakaa naye mpaka jioni, na kama jina halipatikani basi aletewe mmea mzima, na wewe uko wapi huko, na hao watu wako wa kwenye simu wamesema nini?

— Nakuja, mama, alisema Mahfuza. Wamesema hawajui.

Akakata simu, akafunika uso kwa mtandio, akakaa hivyo, mabega yakimtikisika. Samadi alisema alhamdulillahi, Maabara akasema kisayansi alitegemea hivyo, na Mjomba Hashem akaokota gilasi chini ya benchi, akaisuuza, akamletea chai nyingine, safari hii imepozwa. Hali ya hewa ya benchi ikalegea. Kanuni hata akaanza kusema kwamba labda sheria ingeongezewa kipengele, kwa watoto, wa chini ya umri fulani, ingebidi kujadiliwa.

Mahfuza alinyoosha mkono kuchukua jani lake. Lilikuwa limelala karibu na simu ya Kanuni, na simu ilikuwa bado wazi pale pale, kwenye yale maswali yasiyofunguliwa. Lake lilikuwa limeshatoka. Chini yalibaki ya watu wengine, manjano, madoa, wadudu weupe. Macho yake yalitaka kupita, yakagoma.

Picha ya jani lile lile. Mabaka yale yale ya maziwa. Limewekwa juu ya kitambaa cha jikoni, na alama za meno pembeni, ndogo kuliko za Tuni. Kaka zangu, mwanamke mmoja alikuwa ameandika, mwanangu ametafuna hili, tuko mbali na hospitali, ni jani gani? Ilikuwa ya msimu wa mvua uliopita.

Alimsogezea Kanuni simu. Kanuni alisoma. Alisoma tena. Akabonyeza jina la yule mwanamke ili amwandikie, simu ikamwambia mtu huyo hayumo tena kundini. Maabara alivua miwani.

— Na huyu, kaka, Mahfuza aliuliza. Mtoto wake aliendeleaje?