Suruali ya Tai Inapunguzwa Tena

Benchi la nje ya duka la Fundi cherehani lina mguu mmoja mfupi, na anayekaa upande huo hunywa kahawa kwa tahadhari. Jioni hiyo upande huo ulimwangukia Tai, karani mstaafu ambaye hajawahi kuonekana bila tai shingoni, hata siku ya kufua. Alikuwa amechoka, uchovu ule ambao usingizi hauutibu. Mkewe alikwenda kwa dada yake kabla ya msimu wa mvua, wamenuniana. Mvua imekwisha na hajarudi. Kijiweni walijua wote, na wote walijitia hawajui. Tai aliwashukuru kimoyomoyo. Leo alikuwa ameleta suruali yake ya kijivu ipunguzwe kiuno.

— Tena? Fundi akauliza, pini mdomoni.

— Tena. Nikipiga chafya inanivuka.

— Sabuni hiyo, akasema Daktari, ambaye wagonjwa wake ni redio mbovu. Sabuni za siku hizi zinalegeza uzi. Ukifua, nguo inatanuka.

— Mbona miguu haijatanuka?

— Sabuni inakaa kiunoni, mzee. Pale ndipo panapochelewa kukauka.

Birika, muuza kahawa, akasonya.

— Acha kumdanganya mtu mzima! Ni utepe wa Fundi. Umevutwa miaka nenda rudi, sentimita zimelegea. Mtaa mzima tunavaa vipimo vya watu wengine.

— Yaani nakushonea, halafu unanitukana, Fundi akasema, bila hata nguvu za kukasirika. Tai, unakula nini siku hizi?

— Tambi.

— Tambi tu?

— Za pakiti. Asubuhi najiambia leo napika chakula cha maana. Ikifika jioni, roho inataka tambi. Nazila nimesimama palepale jikoni.

— Ndiyo hayo! Daktari akajipiga paja. Tambi ni ndefu. Chakula kirefu kinamvuta mtu kwa ndani. Hujakonda wewe, umerefuka!

— Si suruali ingempanda juu? Birika akauliza.

— Inampanda usiku, akilala. Nani amemwona?

Wakacheka, kicheko cha watu waliotoka kazini. Tai naye akacheka, ulimi ukateleza:

— Tambi nilizianza mama watoto aliposafiri.

Kicheko kikakatika. Daktari akakikagua kikombe chake. Birika akaanza habari za mawingu. Mama mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri zipu ya begi lake, akainua uso.

— Pole, baba. Anarudi lini?

Hakuuliza kwa ubaya. Birika akaliinamisha birika lake. Likatoa tone moja, basi. Tai akalegeza tai yake.

— Sijui, mama. Sijampigia simu. Naogopa ataniambia harudi.

Kisha akamgeukia Fundi.

— Ipunguze, ila kitambaa usikikate. Kikunje kwa ndani. Pengine nitanenepa.

Fundi akatoa pini mdomoni, akaigeuza suruali, akamwonyesha mshono wa nyuma. Kitambaa chote kilikuwamo, kimekunjwa na kukunjwa tena.

— Hata mara ya kwanza sikukikata, kaka. Kaa hapo umpigie. Sisi tunakwenda kuangalia redio ya Daktari.

— Redio gani tena? Daktari akauliza.

Fundi akamkanyaga mguu, wakaondoka wote.