Marehemu Abdiwahab Bulle Dagane, Mtengeneza Meno Ambaye Hakuuona Wekundu

Marehemu Abdiwahab alizaliwa mwaka 1974 nje kidogo ya Griftu, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Bulle Dagane na Bi Amino Aweys. Tarehe haikuandikwa. Mama anakumbuka tu kwamba mvua zilikuwa zimekataa.

Alipokuwa na miaka tisa alitumwa kumtafuta ngamia jike mwekundu, akarudi analia kwamba amepotea. Ngamia alikuwa amesimama kwenye vichaka vya kijani, hatua thelathini kutoka boma.

“Aabo, sikumwona,” alimwambia baba yake.

“Kwani macho haya ulipewa ya urembo?” Mzee Bulle alisema. “Mpelekeni shule. Labda kitabu hakitamkimbia.”

Hakikumkimbia. Alimaliza shule ya msingi Griftu mwaka 1990 na sekondari Wajir mwaka 1994. Mwaka 1998 alipata diploma ya utengenezaji wa meno bandia jijini Nairobi.

Alifanya kazi Wajir na Mandera, kisha tarehe 2 Machi 2009 akafungua chumba chake mjini Garissa, akisaidiwa na dada yake mdogo Weris, anayesoma maneno haya. Watu walimwita daktari. Yeye alijiita fundi. Meno mengi ya huku yana madoa ya maji ya visima, na marehemu alikataa kumpa mtu jino jeupe la kwenye picha. Alisema jino jipya lazima lifanane na majirani zake.

Novemba 2011, Weris akiwa safarini Elwak, marehemu alimtengenezea bibi harusi mmoja jino la mbele. Shangazi wa bibi harusi, Bi Maka, alilitazama mlangoni penye mwanga, likaonekana lina ukijani kando ya mengine.

“Daktari, hili jino ni la nani? Limekuja kutembea?”

Marehemu alicheka pamoja nao, akalitoa, akatengeneza jingine. Weris aliporudi, marehemu alifunga mlango.

“Abaayo, nyekundu na kijani mimi sizitofautishi. Tangu yule ngamia. Watu wakijua, nani atanifungulia mdomo?”

Alimwapisha asiseme. Tangu siku hiyo Weris ndiye aliyechagua rangi ya kila jino na kumtilia mkononi sampuli ya rangi hiyo. Hakuna aliyejua.

Hata mkewe hakujua. Alimwoa Bi Fatumo tarehe 12 Juni 2003, wakajaliwa Leyla, Anab na Mursal. Kila diraa mpya aliyoivaa Bi Fatumo aliisifu kwa neno lile lile, “Imekupendeza,” na mkewe aliamini ameolewa na mtu wa maneno machache.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 mkojo wake ulianza kuwa mweusi machoni pake. Alilaumu joto, akaongeza maji ya kunywa. Januari 2025 Bi Fatumo aliliona doa kwenye kanzu yake nyeupe.

“Kanzu yako ina damu.”

“Ni chai,” alisema, na kwa macho yake ilikuwa chai.

Vipimo vya Nairobi vilionyesha saratani ya kibofu iliyokwisha kusambaa. Mwaka mzima alikuwa akiitazama damu yake bila kuiona. Weris aliyajua macho yale kwa miaka kumi na mitatu, akayachagulia rangi za meno ya watu mia kadhaa, wala hakuwahi kuuliza kuhusu damu.

Wiki ya mwisho marehemu alimfungua kiapo. “Abaayo, nikiondoka waambie wote. Nilificha ili nisikose kazi. Watoto wapimwe macho, hasa wavulana wenu ninyi dada zangu, na watakaozaliwa na binti zangu, maana hali hii inapitia kwa mama. Na asiyeona nyekundu awe na mtu wa kumuuliza.”

Alifariki nyumbani Garissa, Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, akazikwa siku hiyo kabla ya alasiri. Ameacha mama, mjane, watoto watatu na dada wawili.

Basi imesemwa, kaka, mbele ya watu wote. Mola akurehemu, akupanulie kaburi, na akuonyeshe huko kila rangi uliyoikosa hapa.