Mamó, Poa: Tunamkumbuka Gaudensia Wakesho wa Queensbury

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto kidogo huko jikoni. Wali ukiungua mtanisingizia mimi, na mimi katika maisha haya nimeshasingiziwa vya kutosha. Nawe uliye kwenye basi, iache kwanza ile video ya harusi ya binamu yako. Binamu ameshaolewa, haendi popote.

Leo tunamkumbuka Gaudensia Wakesho. Mama Jeff. Mtaita wa Wundanyi, mkazi wa Queensbury, hapa hapa kaskazini mwa London. Alifanya kazi ya kea. Aliwatunza wazee majumbani mwao mpaka magoti yake nayo yakaanza kudai kutunzwa. Tumemzika wiki iliyopita. Narudia, kwa waliofungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Gaudensia Wakesho, Mama Jeff, mwanamke aliyezunguka London akitafuta mtu wa kuongea naye Kiayalandi.

Ndiyo, Kiayalandi. Hamkusikia vibaya. Sisemi Kiingereza cha Waayalandi. Nasema lugha yao wenyewe, ile ya mababu zao.

Hadithi inaanza na simu. Jeff, mwanawe wa pekee, alizaliwa na kukulia London. Akaoa binti wa Konemara, magharibi mwa Ayalandi, akahamia huko. Kule kuna mawe, kuna upepo, na watu wanaongea Kiayalandi nyumbani na dukani. Wakapata mtoto wa kike, wakamwita Shekinah. Hebu fikirieni: Shekinah, jina la kwaya ya Wundanyi, katikati ya mawe ya Konemara!

Basi siku moja Gaudensia yuko jikoni anasonga ugali. Simu ya video inalia. Sura ya mtoto inajaa kwenye kioo, pua kwanza, na mtoto anapaza sauti: "Mamó!"

Gaudensia akasikia "Mambo!"

Mwiko ukaanguka. "Poa!" akajibu, akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. "Jeff! Umemfundisha Kiswahili! Mungu akubariki mwanangu, umemfundisha!"

Upande wa pili Jeff akajitokeza kwenye kioo. Kisha akasema, kwa Kiingereza chake, polepole kama mtu anayebandua plasta: "Mum. Mamó ni nyanya. Kwa Kiayalandi. Anakuita nyanya."

Mtoto hakujali. Ile poa ilimpendeza. Akaita tena, "Mamó!" Akajibiwa, "Poa!" Wakacheka wote wawili. Lakini baada ya poa, njia ikafungwa. Shekinah akaendelea na habari zake ndefu, mikono hewani, na nyanya yake akabaki kutikisa kichwa kama mgeni wa heshima aliyeketishwa mbele kwenye mkutano usiomhusu.

Jeff akamtuliza. "Usijali, Mum. Akianza shule atajua Kiingereza. Subiri kidogo."

"Nilisubiri wewe ujue Kiswahili, Jeff," mama akamjibu. "Mpaka sasa nasubiri."

Hapo ndipo penye kidonda, wasikilizaji wapendwa. Jeff alilelewa na mama wa shifti za usiku. Mama aliuliza kwa Kiswahili, mtoto alijibu kwa Kiingereza. Umekula? *Yeah.* Umesoma? *Yeah.* Msinitazame hivyo. Wengi wetu tunaijua nyumba hiyo, na wengine tunaishi humo. Gaudensia alikuja kumwambia rafiki yake Usha maneno haya: "Kwa Jeff, lugha ilitoka mlangoni mimi nimelala, nimechoka. Kwa huyu mdogo nitakaa macho."

Usha ndiye mwenye mkahawa pale Kenton. Ni Mhindi wa Kisumu, anauza chai na mogo, ule muhogo wa kukaanga wenye pilipili ya kutubisha wenye dhambi. Usha anasema Gaudensia alianza na programu ya simu. Akaichoka upesi.

"Inanisifu tu," alilalamika. "Nikipatia inapiga kengele, nikikosea inapiga kengele. Haijawahi kuniuliza nimelalaje. Usha, nataka mtu."

Akaanza kumtafuta huyo mtu. Vituoni mwa basi, kliniki, nje ya kanisa baada ya misa, popote aliposikia lafudhi ya Ayalandi, alijitosa: "Dia duit!" Maana yake, Mungu awe nawe. Na salamu hiyo ina adabu yake. Hurudishiwi ileile. Anayejibu huongeza: Mungu na Maria wawe nawe. Gaudensia aliipenda kwa sababu hiyo. Alisema ni kama shikamoo: jibu lake haliwi shikamoo.

Tatizo ni kwamba hapakuwa na wa kujibu. Fundi mmoja wa mabomba aliruka kama ameguswa na nyaya za umeme. Nesi mmoja kijana alicheka kwa aibu. "Mama, nilikisoma shule nzima. Nilichobaki nacho ni kuomba ruhusa ya kwenda chooni."

"Basi omba, mwanangu," akasema Gaudensia. "Nitakuruhusu, na tutakuwa tumeongea."

Nesi akaomba. Akaruhusiwa. Hayo, wasikilizaji wapendwa, ndiyo yalikuwa mazungumzo ya kwanza ya Kiayalandi ya Mama Jeff.

Mwishowe akapata kikundi cha kuongea Kiayalandi. Walikutana Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa parokia. Walikuwa watu wapole, wasomi, ila kila ukifungua mdomo wanakusahihisha kabla hujaufunga. Nyuma kabisa alikaa mzee mmoja aitwaye Bartley, fundi ujenzi mstaafu. Alikunywa chai yake, hakusema neno, akaenda zake. Hakuna aliyejua anafuata nini pale.

Jumamosi moja asubuhi kikundi kikatuma ujumbe. Maneno manne: *Tabharfaidh siad bia leo.*

Mawili ya kwanza yalimshinda. Lakini mawili ya mwisho! Hayo aliyajua tangu Wundanyi.

"Usha, wamenionea huruma, wameniandikia Kiswahili," akasema. "Bia leo."

"Bia? Ukumbi wa kanisa?"

"Sisi Wakatoliki, Usha. Hutujui wewe."

Akanunua kreti nzima. Akaipakia kwenye kikapu chake cha magurudumu, akaivuta mpaka ukumbini ikilia kling, kling, kling. Akafungua mlango. Ndani, mbele ya wanakikundi wenzake, wameketi wageni kutoka parokia nyingine, chama cha watu walioapa kutoonja pombe maisha yao yote. Beji vifuani. Sambusa na keki mezani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Bia, kwa Kiayalandi, ni chakula. Leo, kwa Kiayalandi, ni pamoja nao. Narudia: bia ni chakula, leo ni pamoja nao. Ujumbe ulisema wageni watakuja na chakula chao.

Wageni wote wakageuka, mikono kwenye beji. Gaudensia amesimama mlangoni, amejitetea kwa maneno mawili tu, "Bia! Leo!", kreti inamtazama. Halafu kicheko kikalipuka kule nyuma. Bartley. Alicheka mpaka akashika meza. Na alipopata pumzi akamuuliza, kwa Kiayalandi, taratibu, neno moja baada ya jingine: kwenu, *bia* mnaitaje?

Gaudensia akamwelewa! Ndiyo mara yake ya kwanza kumwelewa mtu bila kutafsiriwa. "Chakula," akajibu.

"Chakula," akasema Bartley, akilionja.

Wakaisukuma kreti pamoja mpaka mkahawani. Usha akaweka mikono kiunoni. "Gaudensia, umekwenda kujifunza lugha au umefungua baa?"

Ndipo Bartley alipofunguka. Yeye ni wa Konemara hukohuko, na Kiayalandi ndiyo lugha ya mama yake. Alikuja London kijana, akafanya kazi kwenye majengo, na msimamizi akiwasikia wanaongea chao aliwaambia waache kubweka. Akakimeza. "Nilikimeza, kikakaa hapa," alisema, akigusa koo. Uzeeni akaenda ukumbini kusikiliza tu. Mara ya kwanza alipojaribu kusema, walimsahihisha. "Wananisahihisha maneno ya mama yangu!"

"Mimi sitakusahihisha," Gaudensia akamwambia. "Sijui kitu."

Wakakubaliana. Meza ya pembeni, karibu na friji ya soda. Bartley atampa Kiayalandi, Gaudensia atampa Kiswahili, neno kwa neno, ili asiwepo mwalimu wala mwanafunzi. Na sheria ya meza ni moja: kukosea ni halali, kunyamaza ni haramu. Bartley akajifunza pole, akajifunza poa, akajifunza shikamoo na kumwamkia nayo kila mtu.

"Mzee, mimi ndiye nikuamkie wewe!" Usha alipiga kelele. "Unanizeesha kwenye duka langu mwenyewe!"

Meza ikaongezeka. Yule nesi wa chooni akaja, akakuta anayo maneno mengi kuliko alivyodhani. Akaja mwalimu wa Stanmore. Akaja dada mmoja wa Kikamba aliyefuata mogo tu, akanaswa. Na Gaudensia alikuwa akiwaeleza wapya jambo lililomgusa kuliko yote: kwa Kiayalandi husemi nina njaa wala nina huzuni. Unasema njaa iko juu yangu. Huzuni iko juu yangu. "Kama mzigo kichwani," alisema. "Na mzigo, jamani, hutuliwa."

Kisha Jeff akaleta familia London. Hii ndiyo siku ambayo Gaudensia alikuwa akiitafutia maneno. Alikwenda kuwapokea stesheni ya Queensbury, amevaa kitenge kipya, amezifanyia sentensi zake mazoezi njia nzima. Shekinah akashuka, akamwona, akajificha nyuma ya mguu wa baba yake.

Na Gaudensia akasahau. Yote. Maneno yote ya meza ya Usha yakamtoka kama maji kwenye chujio. Alisimama pale mdomo wazi, watu wakimpita, na Jeff tayari anainama kumsaidia kwa Kiingereza.

Ndipo sauti ndogo ikatoka nyuma ya suruali: "Mamó?"

"Poa!"

Mtoto akacheka. Akatoka. Na kile kicheko kikafungua bomba. Wakakaa kwenye benchi nje ya stesheni, mizigo miguuni. Mtoto akauliza kama nyanya ana ng'ombe. Nyanya akasema hana, ila baba yake Wundanyi alikuwa naye mmoja, mkorofi, aliyekula shuka la kanisa. Mtoto akataka kujua shuka lilikuwa la rangi gani. Sarufi ilivunjika vipande vipande, wasikilizaji wapendwa, lakini ng'ombe alipita.

Jeff alikuwa amesimama pembeni. Kiayalandi chake ni cha kununulia maziwa. Huyu ng'ombe alimpita. Akamtazama mama yake, akamtazama bintiye, akauliza: "Mama, mnasema nini?"

Gaudensia akageuka, akamwacha ng'ombe katikati ya sentensi.

Jeff hakusema *Mum*. Alisema Mama. Na alisema yote kwa Kiswahili.

Jeff mwenyewe ameniambia, "Sijui kilitoka wapi. Niliona wamefunga mlango, nikabisha kwa ufunguo pekee niliokuwa nao." Mama yake hakulia pale. Alimjibu tu, kwa Kiswahili, kana kwamba ni jambo la kila siku: "Keti hapa, baba. Nikuhadithie habari za ng'ombe wa babu yako." Akaja kulia mkahawani, juu ya mogo, akasingizia pilipili.

Ugonjwa ulimkuta baada ya hapo, na haukumpa nafasi ndefu. Bartley alimtembelea wodini. Alimsalimu, Mungu awe nawe. Gaudensia, sauti imekwisha, akajibu, Mungu na Maria. Usha, aliyekuwa ameketi pembeni, akaongeza na Ganesh, mungu wa kwao. "Si mmesema ni lazima kuongeza?" Mgonjwa alicheka mpaka nesi wa wodi akaja kuchungulia.

Na wiki iliyopita tukamzika. Shekinah sasa amekua, na Kiingereza anakijua, kama Jeff alivyoahidi. Aliombwa aseme neno kwa ajili ya nyanya yake. Akapanda, akashika maikrofoni kwa mikono miwili, akalitazama jeneza. Likamtoka neno moja tu.

"Mamó!"

Sisi tuliojua jibu tukainama kufuta macho. Mtoto akasubiri. Akaendelea kusubiri. Halafu, kutoka benchi la nyuma kabisa, sauti nzito ya fundi ujenzi wa Konemara:

"Poa."

Ndipo kanisa zima likaitikia.

Kwa Jeff na mkewe, kwa Shekinah, kwa ndugu wote wa Wundanyi, kwa Usha, na kwako Mzee Bartley, ambaye ukitusikia tunakuamkia shikamoo, na safari hii itikia: poleni sana. Huzuni iko juu yenu. Sogeeni, tuwasaidie kuutua huo mzigo, mikono ipo.

Nasi tuliobaki tujiulize. Nani nyumbani mwako anakujibu kwa lugha usiyoifikia, nawe umeamua kusubiri? Nani amemeza lugha yake, inamkaa kooni, kwa kukosa mtu wa kuikosea mbele yake? Ile meza pale Kenton ipo bado. Kiti cha Mama Jeff hakikuondolewa. Usha anasema hakukiweka kiwe kumbukumbu, amekiweka kikaliwe.

Basi nendeni mkakae na watu wenu, mkosee pamoja nao. Leo. Kwa lugha zote mbili.