Siku Mwinyihaji Alipoingia Ngomeni

Benchi letu liko Jomvu Kuu, pale njia ya msikitini inapoachana na njia ya kuteremkia pwani. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na pembeni yake ndipo ninaposhonea viatu. Kwa hiyo mimi sikwenda kijiweni. Kijiwe ndicho kilichonifuata kazini. Wananiita Sindano. Kila baada ya alasiri Luqman hutua dele lake la kahawa na kupanga vikombe, na kabla kikombe cha kwanza hakijajaa Nzai huwa ameshaanza habari. Nzai ni mpaka rangi nyumba, Mrabai, na twamwita Redio kwa sababu ukishamwasha hazimiki. Wa nne wetu ni Mwinyihaji, mzaliwa wa hapa, mzee wa miaka sitini na minane aliyeendesha kreni bandarini mpaka akastaafu. Huyo jina lake la kijiweni ni Ramani. Mtajie mahali popote Mombasa, atakuchorea kwa kidole juu ya ubao. Na hakuna mahali alipopachora sana kama Ngome ya Fort Jesus. Alijua mizinga inaelekea wapi, kisima kiko pembe gani, Mreno aliingilia wapi na Mwarabu wa Omani akamtolea wapi. Miaka yote hiyo hakuna kati yetu aliyemuuliza kama amewahi kuingia.

Mambo yalianzia kwa Mapenzi, binti yake Nzai. Alimaliza chuo akakaa nyumbani miaka miwili akiandika barua za kuomba kazi. Kisha kikundi cha akina mama wa huku kwetu kikapata mashua ya injini, kikataka kutembeza wageni: asubuhi waione Ngome, wapite Mji wa Kale, halafu wapande mashua wapite chini ya daraja la Nyali, wafuate hori, ule mkono wa bahari, mpaka huku kwetu kwenye mikoko, wale chakula cha mchana. Walihitaji mtembezaji mmoja, na waombaji walikuwa wawili. Bi Nadira, mwenyekiti wa kikundi, akasema kila mmoja ataongoza safari ya majaribio mbele yake, na wageni wa majaribio atajitafutia mwenyewe.

Nzai akatutoa sisi bila kutuuliza.

Luqman alikataa kwanza. Alisema mtu hatembezwi kwao, na kwamba mkono mtupu haulambwi, methali ambayo mpaka leo sijajua iliingiaje pale. Nzai akamjibu kuwa mwacha asili ni mtumwa, basi akimwacha Mapenzi ameacha asili. Wakabishana hivyo mpaka dele likapoa. Mwinyihaji ndiye aliyenishangaza. Nilidhani atakuwa wa kwanza kujitolea, lakini alizungusha kikombe tu. Mwishowe akasema atakuja, ili msichana akikosea apate wa kumsahihisha.

Jumamosi asubuhi tulikuwa chini ya ukuta wa Ngome. Mapenzi alivaa shati la buluu lililopigwa pasi, na mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa ambayo hakuifungua hata mara moja. Alitueleza kuwa Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, na kwamba ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala. Bi Nadira alisimama nyuma na daftari lake. Nilimsubiri Mwinyihaji amsahihishe Mapenzi. Macho yake yalikuwa langoni.

Tukapanda kuelekea langoni. Tulipogeuka, Mwinyihaji alikuwa bado chini, amevua kofia ameishika kwa mikono miwili.

Nzai alirudi kumwita, akaambiwa goti linauma. Luqman akanong'ona kuwa mzee anaogopa majini ya mle ndani. Bi Nadira akatazama saa. Alitukumbusha kuwa mashua haiwezi kungoja, kwani maji yakishaanza kutoka, hori la kwetu huwa tope tupu na mashua haifiki. Mapenzi angeweza kuendelea nasi na hakuna ambaye angemlaumu. Alituomba radhi, akateremka, akaketi juu ya kijiukuta karibu na mzee. Mimi nikatumwa kuwaharakisha, na ndivyo nilivyosikia.

— Babu, wataka nikungojee au wataka nikuache? Mapenzi alimuuliza.

— Mimi sijaingia mle, mwanangu. Hata siku moja.

Akaeleza polepole, bila kututazama. Wazee wa kwao hawakuliita jengo lile Fort Jesus. Waliliita Gereza, na wakati wa Mwingereza lilikuwa gereza kweli. Babu yake alifungwa mle. Kwa kosa gani, nyumbani halikutajwa. Akiuliza mtoto, alifukuzwa akacheze. Baba yake aliwakataza hata kupita mbele ya lango. Siku shule ilipowaleta watoto kutembea, yeye alijificha chooni mpaka gari likaondoka. Yote aliyotuchorea juu ya ubao aliyapata kwa wengine, kwa wenzake wa bandarini na kwa watoto wa shule waliorudi na picha.

— Nimewaongopea watu miaka arubaini, alisema. Na kila nikiongopa, najiuliza kama yule mzee alikuwa mwizi.

Mapenzi hakumwambia kuwa si uongo, wala hakumpa pole za haraka.

— Mimi nimesomeshwa mizinga na Wareno, alimwambia. Ya jela nilipewa mistari miwili tu. Tuingie pamoja. Ukisema tutoke, tutatoka, hata kama ziara haijaisha.

— Na Bi Nadira?

— Bi Nadira ataandika atakachoandika.

Wakapanda, mzee ameshikwa mkono. Ndani ya ile njia yenye giza mzee alisimama mara mbili, na mara zote mbili Mapenzi alisimama naye. Kisha tukatokea uwanjani kwenye mwanga. Kulikuwa na watoto wa shule, nyasi, na upepo wa baharini. Mwinyihaji aligeukageuka kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani baada ya kuitazama kwa dirishani maisha yake yote. Alipoonyeshwa kisima alitingisha kichwa, akatuambia kiko upande mwingine kabisa na ule aliotuchorea. Nzai akafungua kinywa kumchokoza, akakifunga.

Kisha mzee akauliza wafungwa walikuwa wakilala wapi.

Nikaona kalamu ya Bi Nadira imepanda juu.

— Sijui, babu. Najua ilikuwa jela kwa zaidi ya miaka sitini, mpaka elfu moja mia tisa hamsini na nane. Walipolala hasa sijapasoma popote, na sitaki kukubunia.

Mwinyihaji akaitikia kwa kichwa. Alisogea mpaka karibu na ukuta, akainua viganja, akamsomea babu yake Fatiha. Luqman nami tukainua mikono. Nzai, ambaye ni mtu wa kanisani, alivua kofia akainamisha kichwa. Hakuna aliyetuharakisha.

Tulipofika kwenye mashua, maji yalikuwa yameshageuka. Tulipita chini ya daraja la Nyali, Nzai akimwambia nahodha haraka haraka haina baraka, akimaanisha aongeze kasi. Mapenzi alituonyesha nyumba kongwe za Mji wa Kale zikibaki nyuma, kisha Tudor, kisha Mikindani. Alieleza vizuri, lakini nilimwona akiyatazama maji kila mara. Tulipoanza kuiona minazi ya Jomvu, mashua ikagusa chini, ikasita, ikagusa tena. Nahodha akazima injini. Mbele yetu tope lilikuwa limeanza kung'aa. Bi Nadira akafunga daftari.

Mwinyihaji akasimama.

— Rudi nyuma kidogo, alimwambia nahodha. Halafu shika kushoto, uifuate mikoko. Kuna mkondo pale haukauki upesi. Utotoni tulikuwa twavulia kaa hapo.

Nahodha alimtazama Mapenzi, maana ndiye mwenye safari. Mapenzi akatoka sehemu yake ya mbele, akampisha mzee.

— Babu, tuongoze.

Mwinyihaji akaketi mbele akawa anaashiria kwa mkono: huku, sasa huku, polepole. Tukapenya kwenye njia nyembamba, matawi yakitugusa mabega, kaa wekundu wakikimbilia mashimoni. Kila kona aliijua kwa jina, na majina mengine sikuwahi kuyasikia ijapokuwa nami naishi hapa hapa. Mapenzi sasa ndipo alipoifungua ile karatasi yake, akawa anayaandika nyuma. Tukafika tukiwa tumechelewa na wali umepoa, lakini tulifika kwa mashua, wala hakuna aliyelowa.

Jumatatu Bi Nadira alikuja mwenyewe kijiweni. Alisema yule mwombaji mwingine alikuwa hodari na alikuwa na jibu la kila swali. Yeye akayachunguza mawili katika majibu hayo, akakuta si kweli. Kazi akampa Mapenzi. Nzai, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikosa la kusema. Aligeuka akatazama pwani kwa muda mrefu.

Siku hiyo ndipo suala la babu aliyefungwa lilipowekwa mezani wazi. Mwinyihaji mwenyewe ndiye aliyelianzisha. Alisema amechoka kulibeba peke yake. Kila mtu akaleta lake. Nzai, aliyepata tena sauti, alisema mzee yule lazima alimzaba kofi Disii, yule mkuu wa wilaya wa Kizungu, mbele ya wake zake. Luqman akapinga: Disii hakuwa na wake, na aliyezabwa ni gavana, tena ndani ya mashua, wakaanguka wote. Nzai akapanda zaidi, kwamba mzee alichimba handaki kutoka Jomvu mpaka Ngomeni, na Mwingereza hakumkamata, ila alitokezea ndani mwenyewe. Luqman akaapa wallahi handaki lilikuwepo, lakini lilikuwa la dhahabu ya Mreno, na ndiyo maana akina Mwinyihaji hawaitaji habari hiyo, wanangoja wajukuu wakue waifukue. Mwinyihaji alicheka mpaka machozi yakamtoka. Sijawahi kumwona akicheka hivyo.

Pale kwangu alikuwa ameketi dada mmoja akingoja kandambili yake ishonwe. Winfred, Mtaita, muuguzi aliyehamia mwezi ule katika zahanati ya hapa karibu. Alikuwa ametusikiliza tangu mwanzo.

— Samahanini wazee, alisema. Hakuna aliye hai aliyemjua?

Mwinyihaji akajibu kuwa yuko mmoja. Shangazi yake Bi Zuleikha, kule Bofu, Likoni. Ni bintiye yule mzee, sasa amepita tisini.

— Na mmeshamuuliza?

Luqman akainamisha dele. Halikutoa hata tone.

Kesho yake Mwinyihaji alivuka feri, akatuomba mimi na Mapenzi tumsindikize. Tulimkuta Bi Zuleikha ameketi kwenye mkeka barazani, akichambua mchele kwa vidole kwa kuwa macho yalikuwa yamemwacha. Alimtambua mpwawe kwa kikohozi tu. Mwinyihaji akambusu mkono. Walisalimiana, wakaulizana watoto na wajukuu mmoja mmoja, na nikadhani hatauliza. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo kama ya mtoto aliyezoea kufukuzwa akacheze.

Bi Zuleikha aliacha mchele.

Alisema ule mwaka mvua iliangusha paa la madrasa ya Jomvu. Mikoko ilikatwa kwa kibali cha serikali, na kibali kiliombwa hakikutoka. Babake akaingia na shoka akakata boriti mwenyewe, siku baada ya siku, akaziezeka. Alikamatwa akiwa na mzigo wa mwisho begani. Akafungwa miezi mitatu. Paa wakaliacha, kwa sababu lilikuwa limeshapanda.

Mwinyihaji alikuwa ameketi akitazama mikono yake.

— Shangazi, mimi nimesoma Juzuu Amma chini ya paa lile, alisema.

— Najua. Na babako alisoma hapo hapo. Yeye ndiye aliyewekwa njiani alinde siku ile, apige mluzi akiona askari. Alikuwa kijana, akasinzia. Basi hakujisamehe kwa kusinzia mpaka anakufa. Nyinyi mkadhani amwonea haya babake. Angemwonea haya, wewe angekuita Mwinyihaji?

Mapenzi alikuwa na daftari mapajani, lakini hakuandika. Aliomba ruhusa kama aweza kuyasimulia haya Ngomeni, mbele ya wageni. Bi Zuleikha akamwambia ayasimulie, na jina alitaje lote, Mwinyihaji bin Faki, asilifupishe kwa ajili ya Wazungu. Akamtaka alirudie mara mbili mpaka akaridhika na anavyolitamka. Kisha akamgeukia mpwawe, akanyoosha mkono akautafuta uso wake.

— Nimekaa na maneno haya miaka yote. Mbona hamkuja kuniuliza?

Mwinyihaji aliushika ule mkono akauweka shavuni pake, na ukalowa. Mimi nikainuka nikijua ni saa ya kuaga, kwani feri ina foleni. Bi Zuleikha akanisikia viatu.

— Wewe waenda wapi? Kaa, aliniambia. Hiyo ni siku baba aliyoingia tu. Siku aliyotoka bado sijawaambia.