Mama Manyoya na Ndege wa Mgongo Mweusi

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Manyoya, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa nne kati ya saba. Akiwa na miaka sita aligoma kunywa chai, akisema imetiwa chumvi. Alichapwa. Kisha mama akaionja.

Alisoma hadi kidato cha pili, akaacha mwaka 1967 baba alipoumia mguu. Mwaka uliofuata aliajiriwa makumbusho kama mfagiaji. Mzee mmoja fundi wa kuhifadhi ndege, Mungu amrehemu, mtu wa ugoro sana yule, alimfundisha kuwachuna ndege waliokufa, kuwajaza pamba na kuwafungia lebo mguuni. Tarehe 12 Agosti 1972 aliolewa na fundi saa, shemeji yetu huyu hapa, ambaye alianza kwa kumwazima lenzi yake ya kukuzia, ile ya kubana jichoni. Hajarudishiwa hadi leo.

Asubuhi ya tarehe 19 Oktoba 1989, ndege mdogo mwenye mkia wa kutikisika aligonga kioo cha makumbusho akafa. Ndege hao wamejaa mjini, na mgongo wao ni wa kijivu. Wa huyu ulikuwa mweusi tii. Marehemu alimlaza kwenye karatasi nyeupe dirishani, maana rangi ya manyoya haisomwi chini ya taa, akasema ni wa aina ile ile, ila wa ukoo wa mbali, ambao haujawahi kuonekana huku.

"Mama, hayo ni masizi ya karakana," mkuu wa idara alimwambia. "Andika kwenye lebo ni wa hapa hapa, usaini, tuendelee na kazi."

"Basi ngoja nimwogeshe, bosi."

Maji yalitoka safi tangu mara ya kwanza. Akamwosha mara mbili zaidi, asije akaambiwa amelipua kazi. Kisha akabeba beseni mpaka mezani kwa mkuu. "Nionyeshe masizi yako, bosi."

Lebo iliandikwa na mtu mwingine, kwamba ni wa hapa hapa. Marehemu alikataa kuisaini, akahamishiwa mlangoni kukata tiketi, miaka kumi na sita, mbali na kazi aliyoipenda. Kila mwaka mkuu alimwambia, "Saini basi, mama, urudi kwa ndege wako." Naye alijibu, "Ameshakuwa wa kijivu?"

Alistaafu mwaka 2006 bila kusaini. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Wiki ya mwisho alimwagiza kaka yake, "Ukisoma habari zangu, ndege usimruke."

"Na mkuu wako akija?"

"Mpe kiti cha mbele."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi. Mkuu, karibu, na tunakushukuru kwa kuja.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanane, kaka anayesoma haya, na lebo moja isiyo na saini yake. Ndege yumo makumbusho, droo ya kumi na nne. Mwenye macho amtoe, ampeleke dirishani mchana, amtazame. Ni mweusi.

Pumzika kwa amani, dada. Hatujabadilisha neno lako.