Peremende za Jumanne

Kwenye tramu za Gothenburg watu hawasemeshani, ila mzee Torvald, ugoro umemtunisha mdomo, alipomsikia Ylva akimnyima bintiye peremende kwa sababu ni Jumanne, uzalendo ulimshinda.

“Hayo ni ya yule mbunge, Gunvor Hedlund,” alisema. “Eti peremende Jumamosi tu. Mama mzima, kazi kuchungulia midomo ya watoto. Aliniharibia utoto.”

“Lakini meno unayo, mzee wangu,” Ylva alimjibu. “Na yule bibi hakuwa mnafiki. Alichohubiri ndicho alichoishi.”

“Mwanasiasa asiye mnafiki? Huyo hajazaliwa, dada.”

Alikuwa amezaliwa, tena amekaa kiti cha nyuma yao, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Miaka yote ya kustaafu Gunvor hakuwahi kusifiwa hivyo, na raha ilimpanda hadi masikioni.

Ylva akageuka. “Bibi, wewe ni wa enzi zake. Hebu tuamulie.”

Tramu ikasimama. Gunvor akatabasamu bila kufumbua midomo, akainamisha kichwa, akashuka haraka. Angesema nini, na peremende zimemjaa mashavu yote mawili, na Jumamosi ingali mbali?