Wawili Huingia, Mmoja Hutoka

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliokuja kwa sababu mliona hema, historia hii ya marehemu imeandikwa na dada yake mkubwa na inasomwa na yeye mwenyewe, kwa kuwa watu watatu walioombwa kuisoma kila mmoja alitaka kwanza kuipunguza, na dada yake, ambaye aliishia darasa la saba lakini darasa hilo alilimaliza, hakuona sababu ya kukatiwa maneno na watu wasiojua hata mwaka aliozaliwa marehemu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Tulia, alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha ngozi, baba akiwa kibarua wa kiwanda hicho na mama akifua nguo za watu, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho, wa kati alifariki akiwa mchanga, kwa hiyo walibaki wawili, na dada yake alikuwa na miaka saba siku alipokabidhiwa ambebe, akambeba, na kwa kadiri anavyoona yeye hajamtua mpaka leo.

Alianza shule ya msingi Januari 1959 na kumaliza mwaka 1965, na tusidanganyane kwa sababu tu amelala hapa mbele yetu, hakuwa hodari, mwalimu wa hesabu alimhamisha dirishani akamweka ukutani ili asitazame nje, akatoboa ukuta, na nje kwenyewe hakukuwa na kitu ila mabwawa ya maji machafu ya kiwanda, yenye harufu ambayo ninyi wa mtaa huu mnaijua na wageni watavumilia. Mwaka 1969 alikwenda kujifunza kupiga picha, na tarehe 2 Septemba 1974 aliajiriwa katika studio iliyo mkabala na posta, akakaa hapo akipiga picha za vitambulisho na pasipoti, na jina la Tulia alilipata hapo, kwa kuwa kila mteja aliambiwa neno hilo hilo, "tulia, tulia hapo hapo, usipepese," na kila mteja akapepesa.

Tarehe 20 Oktoba 1979 alifunga ndoa na dada wa mwenye studio, yaani wifi aliyeketi hapa mbele, na hivyo mwajiri wake akawa shemeji yake, na wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza binti, 1981, ambaye ni muuguzi, wa pili mwanamume, 1984, dereva wa lori, na wa mwisho, 1990, ambaye yuko mbali na ametuma salamu, na salamu zimefika.

Sasa tuje kwenye ndege, maana bila ndege hakuna historia, kuna cheti cha kifo tu. Tarehe 6 Mei 1983 kiwanda kilimtuma akapige picha ya pampu iliyovunjika kule mabwawani, akaipiga vibaya, kwa sababu pembeni ya pampu palikuwa na wale ndege weupe wenye mabawa meusi na miguu mirefu myekundu kama vijiti vya kupakwa rangi, wametaga chini kabisa, juu ya tope, mayai manne manne, na tangu mwaka huo kila maji yalipopungua, kuanzia mwezi wa nne hadi wa saba, marehemu aliomba ruhusa studio mara tatu kwa wiki na kwenda kukaa ndani ya kibanda cha magunia, kiti kimoja, tundu moja la lenzi, akiwapiga picha wanapochimba kiota, wanapoatamia kwa zamu, mume na mke, wanapolowesha matumbo na kuja kuyapoza mayai juani, na makinda yanapotoka na kuanza kutembea siku hiyo hiyo, jambo ambalo alilisimulia mezani kana kwamba watoto wake mwenyewe hawakuwahi kutembea.

Kazi hiyo ina kanuni zake, na dada yake anazijua kuliko anavyopenda. Kanuni ya kwanza, majani yaliyo mbele ya kiota hayakatwi, yanafungwa kando kwa uzi na kufunguliwa kabla ya kuondoka, kwa sababu kiota kilichokatiwa majani kunguru hahitaji kukitafuta. Kanuni ya pili, kibandani huingia watu wawili na hutoka mmoja, kwa kuwa ndege huyu ana macho makali lakini hesabu hajui, akimwona mtu ameondoka anaamini watu wameondoka, anarudi kwenye mayai yake, na yule aliyebaki anapiga picha, kisha baada ya muda wa saa nne yule wa kwanza anarudi kumtoa mwenzake. Wifi alikwenda mara moja tu, akarudi na kiatu kimoja, akasema hiyo imetosha, na tangu hapo mtu wa kuingia na kutoka akawa dada wa marehemu, miaka ishirini na tisa, tope hadi magotini, mwavuli mkononi, na alitakiwa atoke kwa kelele ili ndege wamwone vizuri, marehemu alimwambia, "dada, wewe toka tu unatukana kama kawaida yako," na ndiyo kazi pekee aliyopata kupewa bila kufundishwa.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyotuleta hapa. Picha ya kiota haionyeshwi kwa mtu yeyote, si mke, si mwajiri, mpaka makinda yamekwisha kutembea na kuondoka, na kwa hiyo miezi mitatu kila mwaka marehemu alirudi nyumbani ananuka bwawa na hana cha kuonyesha, na ninyi majirani hamkumwachia. Mlimwuliza njiani, "Tulia, leo umeoa ndege yupi?" mkamwuliza kama ndege nao wanataka picha za pasipoti, na kule mashineni, kwenye foleni ya kusaga, mwaka 2012, mama mmoja ambaye yupo hapa na amevaa kilemba cha kijani alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba mwanamume anayekaa topeni saa nne na kurudi mikono mitupu, basi huko topeni kuna mtu na si ndege, na dada yake anayemsindikiza ndiye kuwadi. Dada wa marehemu alikuwa wa tatu kutoka mbele katika foleni ile, akajibu alivyojibu, lakini jibu halikumtosha.

Siku ya Jumapili, tarehe 20 Mei 2012, watu wa mtaa huu, si chini ya arobaini, mlikwenda mabwawani na miavuli, na soda, na watoto mgongoni, kuwatazama ndege wa Tulia, kwa sababu tangu Ijumaa, marehemu akiwa kwenye ruhusa yake na hapiti studio, picha ya kiota kimoja ilikuwa imewekwa kwenye dirisha la studio, kubwa, ya rangi, ndege amesimama juu ya mayai manne, na nyuma yake, juu ya ukingo, linaonekana tangi la maji lenye ngazi iliyopinda, na kila mtu anajua tangi hilo liko wapi. Hamkuiba yai, ni kweli, hamkurusha jiwe, mlisimama tu ukingoni mnatazama tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa, na ndege wakaruka juu wanalia, wakalia kutwa, nanyi mkasema wanaimba, na mayai yakakaa juani bila mtu wa kuyapoza, yaliyopona jua yakamalizwa na kunguru, viota thelathini na kimoja, na Jumatatu dada wa marehemu alipomsindikiza ndugu yake hakuwa na haja ya kutoka kwa kelele, kwa sababu hakukuwa na wa kusikia. Viatu vyenu alivikuta vimejichapa topeni, vingine anavitambua hadi leo.

Marehemu alikwenda moja kwa moja studio, akaing'oa picha dirishani, akamwita shemeji yake mwizi mbele ya wateja wanne, akamwambia kwamba aliyefungua droo yake ya nyumbani hawezi kuwa mtu mwingine kwa kuwa funguo ni mbili tu, mmoja wake na wa akiba uliokaa studio, akavua koti la kazi akaliweka juu ya kamera, na hakuvuka tena mlango ule. Shemeji alisema maneno machache, kwamba picha aliletewa, hakusema na nani, na marehemu hakungoja. Kuanzia siku hiyo mwenye studio hakukanyaga nyumba ya dada yake, harusi ya binti ilipita bila mjomba, wifi alikutana na kaka yake sokoni kama watu wanaoficha jambo, na watoto, waliokwisha kuwa watu wazima, wakaishi wakijua kwamba mjomba wao ni mtu wa kufungua droo za wengine. Ndege hawakurudi miaka sita, wakarudi mwaka 2018, jozi nne, na marehemu akarudi kibandani, na dada yake akarudi topeni, ana miaka sabini na minne, anatukana.

Waliosema historia hii ipunguzwe walitaka tufike hapa na kuvuka. Hatuvuki. Droo ile haikuwa imefungwa, marehemu alikuwa mtu wa kusahau funguo, na aliyeifungua siku ya Alhamisi, tarehe 17 Mei 2012, akatoa picha ile moja, akaipeleka studio chini ya kanga na kumwambia mwenye studio kwamba marehemu amekubali, iwekwe dirishani, kubwa, ili wenye midomo ya mashineni waone wenyewe kama ni ndege au ni mtu, ni dada yake mkubwa anayesoma hapa. Miaka ishirini na tisa anaijua kanuni ya tatu, ameikanyagia tope, na siku ile aliitazama picha akaona ndege, hakuona tangi, kwa kuwa yeye njia aliijua na asiyejua njia hakumfikiria. Jumatatu alipoona ndugu yake anamlaumu mtu mwingine, alinyamaza, akajiambia atasema kesho, na kesho zikawa miaka kumi na mmoja. Na shemeji, ambaye angeweza kumtaja siku yoyote, hakumtaja, na dada wa marehemu hajui mpaka sasa kama ni wema au ni kiburi, na hatamwuliza.

Marehemu alianza kuugua mapafu Novemba 2022, akalazwa tarehe 19 Mei 2023, wodi ya wanaume, kitanda cha kumi na saba, na mara tatu dada yake alikwenda na maneno yale mdomoni, na mara tatu marehemu akamtangulia kwa kumwuliza maji ya bwawa yamefika vidole vingapi, na yeye mwenye ulimi wa kufunga soko zima akakosa maneno manne. Tarehe 3 Juni, saa ya kutazama wagonjwa, shemeji alifika getini na mfuko wa machungwa, mtoto wa pili akamwambia mlinzi kwamba huyo si ndugu, na dada wa marehemu alikuwa hatua sita nyuma, anayaona machungwa kupitia nondo za geti, na hakusema kitu. Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 7 Juni 2023, saa moja asubuhi, bila kujua.

Familia inamshukuru daktari, aliyeonekana siku mbili kati ya ishirini, na siku hizo mbili alikuwa mpole, inawashukuru wauguzi wa usiku, ambao hawakuwa wapole lakini walikuwepo, inawashukuru majirani kwa viti na maturubai, na kwa kunyamaza huku ambako hamkumpa alipokuwa hai, na inawashukuru wafanyakazi wa studio, waliolileta lile koti limefuliwa na kupigwa pasi, kumbe lilikuwa limetunzwa. Mabwawani sasa hivi kuna viota kumi na tisa, na msiende kutazama.

Orodha ya wabebaji wa jeneza aliyoibandika mtoto wa pili mlangoni, majina sita na la mjomba wake halimo, dada wa marehemu ameibandua asubuhi na anayo hapa mkononi, shemeji atashika mbele kulia, na anayeona vibaya ashike njia. Hasemi hivi kwa kumpenda, shemeji hapendeki, hata picha ya kitambulisho aliyompiga dada huyu ilimtoa kama mtu aliyekamatwa, anasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wifi, umenyimwa kaka miaka kumi na mmoja na aliyekunyima ameketi meza moja nawe, akila, sasa unajua, sema unavyotaka, leo hutajibiwa.

Tutakwenda wengi na tutarudi pungufu ya mmoja, na sisi si ndege, kuhesabu tunajua. Dada yake ataondoka wa mwisho, kwa kelele, kama kawaida yake, ila safari hii saa nne zikipita hakuna atakayerudi kumtoa aliyebaki.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Ni mimi niliyefungua droo. Sasa dada anatoka.